Antena ya Televisheni kwa Nyumba ya Magurudumu: Mfano wa Babati

Mji wa Babati, ambao ni makao makuu ya Mkoa wa Manyara tangu mkoa huo uanzishwe mwaka 2002, umekaa njia panda. Barabara Kuu ya Kaskazini, ile iliyokusudiwa tangu enzi za ukoloni kuunganisha Cape Town na Cairo, inapita katikati yake ikitokea Dodoma na Kondoa kuelekea Arusha, na hapo hapo inaipokea barabara itokayo Singida kupitia Katesh. Tangu sehemu ya kutoka Dodoma hadi Babati, yenye urefu wa kilomita 251, ifunguliwe rasmi kwa lami mwaka 2018, idadi ya watu wanaolala safarini katika magari yao si ndogo. Wamo watalii wenye karavani, waendao Tarangire. Lakini wamo pia wachimbaji wa visima, wajenzi wa barabara wenye vijumba vya mabati vinavyokokotwa na trekta, na madereva wa malori ambao kitanda chao kiko nyuma ya usukani.

Jioni watu hawa hutaka kuona taarifa ya habari na utabiri wa hali ya hewa, na haja hiyo si anasa tupu. Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo kutoka Mlima Hanang viliufunika mji wa Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Mtu anayeegesha gari lake kando ya korongo au chini ya mlima katika msimu wa mvua anahitaji kujua nini kinatarajiwa usiku huo. Iwapo ni habari tu anazozitaka, redio ndogo itumiayo wati moja inamtosha, na katika makala haya hatutamshawishi vinginevyo. Iwapo anataka picha, hana budi kuelewa mambo mawili: antena ipi imfaayo, na umeme wa kuiendesha autoe wapi. Mambo hayo huonekana kuwa ya fundi wa dukani, kumbe yote yamo katika fizikia ya shule ya sekondari.

Tuanze na mawimbi yenyewe. Televisheni ilianza Zanzibar mwaka 1973, tena kwa picha za rangi. Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994. Kwa miaka mingi matangazo yalirushwa kwa mfumo wa analojia, ambamo mawimbi hafifu yalileta picha yenye chenga, na mawimbi yaliyogonga mlima yakaleta picha yenye kivuli pembeni. Mfumo huo ulianza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, kufuatana na makubaliano ya kimataifa ya Geneva ya mwaka 2006, na mahali pake pakachukuliwa na mfumo wa dijiti unaohitaji king'amuzi. Badiliko hili lina maana kubwa kwa msafiri. Picha ya dijiti haidhoofiki polepole. Mawimbi yakitosha, picha ni safi kabisa. Yakipungua kidogo chini ya kiwango, picha hugandaganda vipandevipande, kisha hupotea. Kwa hiyo mtu aliye karibu sana na kufanikiwa na mtu aliye mbali sana wote wawili huona kioo cheusi, wala kioo hicho hakimwambii yeyote kati yao amebakiza kiasi gani.

Matangazo ya dijiti ya ardhini hutumia masafa kati ya megahezi 470 na karibu 700. Kasi ya mawimbi ni mita 300,000,000 kwa sekunde. Tukiigawa kasi hiyo kwa masafa ya megahezi 500 tunapata urefu wa wimbi wa mita 0.6. Mawimbi mafupi namna hii hayapindi kwa urahisi nyuma ya vizuizi. Husafiri karibu katika mstari ulionyooka, kama nuru, na palipo na mlima huacha kivuli. Hapa ndipo umbo la nchi ya Babati linapoingia katika hesabu. Upande wa mashariki wa mji umesimama Mlima Kwaraa, wenye kimo cha mita zipatazo 2,400 juu ya usawa wa bahari. Upande wa magharibi, kuelekea Dareda, kuna ukuta wa Bonde la Ufa. Mnara wa kurushia matangazo ukiwa nyuma ya Kwaraa kwa mtazamo wa gari lako, hakuna antena ya kubebeka itakayoutoboa mlima huo. Kulisogeza gari kilomita moja hadi mahali ambapo mlima haukati njia kutafaa kuliko kifaa chochote cha kununua.

Hata pasipo milima, upinde wa dunia wenyewe unaweka mpaka. Kanuni inayotumiwa na wahandisi ni kwamba upeo wa mawimbi, kwa kilomita, unakaribia 4.12 mara kipeuo cha pili cha kimo cha antena kwa mita. Antena iliyo mita 2 juu ya ardhi ina upeo wa kilomita 5.8, ikiinuliwa hadi mita 4 upeo unakuwa kilomita 8.2. Mnara ulio mita 100 juu ya nchi tambarare una upeo wa kilomita 41. Jumla ya pande hizi mbili ndiyo mpaka, yaani kilomita 49 hivi kwa antena ya mita 4. Mwanafunzi ataona mara moja kwamba kimo cha mnara ndicho kinachofanya kazi kubwa, na kwamba mlingoti mrefu kupita kiasi juu ya gari humpa msafiri faida ndogo na hatari nyingi.

Antena yenyewe ni nini? Iliyo sahili kuliko zote ni fimbo ya chuma iliyokatwa katikati, yenye urefu wa nusu ya wimbi. Kwa megahezi 500 nusu ya wimbi ni sentimita 30. Kwa kuwa umeme katika fimbo huenda kana kwamba fimbo ni ndefu kidogo kuliko ilivyo, hupunguzwa hadi sentimita 28.5 hivi. Mwaka 1926 huko Sendai, Japani, Shintaro Uda na Hidetsugu Yagi walionyesha kwamba fimbo hiyo ikiwekewa nyingine ndefu kidogo nyuma yake na kadhaa fupi kidogo mbele yake, zisizounganishwa na waya wowote, mawimbi hukusanywa kutoka upande mmoja na kupuuzwa kutoka pande nyingine. Antena iliyobeba majina yao ndiyo tuionayo juu ya mapaa, mfano wa mfupa wa samaki. Yenye fimbo kumi au zaidi huweza kukusanya nguvu mara sita hadi kumi kuliko fimbo moja.

Wauzaji wa vifaa vya karavani hupenda kuuza antena ya aina nyingine: kisahani cha plastiki kinachobandikwa juu ya paa na kupokea kutoka pande zote. Uzuri wake ni kwamba haihitaji kuelekezwa. Ubaya wake ni huo huo, kwani antena isiyochagua upande haikusanyi nguvu kutoka upande wowote. Inafaa mjini, karibu na mnara. Kwa mtu anayelala leo Babati, kesho Kondoa na keshokutwa Katesh, rai yangu ni antena yenye mwelekeo, ya ukubwa wa kadiri, hasa ile ambayo fimbo zake zote zimeunganishwa na waya na urefu wake unapungua kwa uwiano mmoja kutoka nyuma kwenda mbele. Haikusanyi nguvu nyingi kama ya Yagi na Uda, lakini hupokea masafa yote kwa usawa, na kila mji una masafa yake.

Kuhusu kuielekeza, mgeni hahitaji kwanza dira. Atazame mapaa ya wenyeji. Antena nyingi zikielekea upande mmoja, mnara uko huko. Atazame pia kama fimbo zimelala au zimesimama wima, maana wimbi lina ulalo wake. Antena iliyosimama hupokea sehemu ndogo mno ya wimbi lililolala. Nimeona watu wakizungusha mlingoti kwa saa nzima, ilhali kilichotakiwa ni kuigeuza antena kwa robo ya mzunguko ili fimbo zake zilale.

Sasa tuje kwenye kifaa kinachopoteza fedha za watu wengi: kipaza mawimbi, ambacho mafundi hukiita busta. Watu hudhani busta huvuta mawimbi kutoka mbali. Haivuti kitu. Hukuza kile kilichokwisha kufika, na pamoja nacho hukuza kelele, yaani mkwaruzo wa umeme ambao hauna habari yoyote ndani yake, kisha huongeza kelele yake yenyewe. King'amuzi hakijali ukubwa wa mawimbi peke yake. Hujali mawimbi ni makubwa mara ngapi kuliko kelele.

Tuchukue mfano wa hesabu nyepesi. Antena imepata mawimbi yenye nguvu ya vipimo 8. Waya wa kwenda kwenye king'amuzi unapoteza nusu, hivyo vinafika 4. King'amuzi kina kelele yake ya kipimo 1. Uwiano ni 4 kwa 1. Mtu ananunua busta inayokuza mara 10, nayo ina kelele ya kipimo 1 mlangoni mwake, na anaifunga nyuma ya televisheni, mwisho wa waya, kwa kuwa huko ni rahisi kufika. Mawimbi 4 yanakuwa 40. Kelele 1 inakuwa 10, ukiongeza 1 ya king'amuzi ni 11. Uwiano sasa ni 40 kwa 11, yaani 3.6. Amelipa fedha na hali imekuwa mbaya zaidi! Aifunge basi juu mlingotini, kabla ya waya. Mawimbi 8 yanakuwa 80 na kelele inakuwa 10. Waya unagawa vyote kwa nusu, 40 na 5. King'amuzi kinaongeza 1. Uwiano ni 40 kwa 6, yaani 6.7. Kifaa ni kile kile, bei ni ile ile. Mahali tu ndipo palipobadilika. Ili hesabu iwe fupi tumeiacha kelele ya waya wenyewe, lakini kanuni haibadiliki: hatua ya kwanza ndiyo inayotawala zote zinazofuata. Harald Friis, mhandisi wa Bell Laboratories nchini Marekani, aliiandika kwa namna ya jumla mwaka 1944.

Yafuatayo yanatokana na kanuni hiyo. Waya uwe mfupi na mnene. Waya mzuri wa televisheni, wa omu 75, hupoteza desibeli 1.5 hadi 2 kwa kila mita 10 katika masafa haya. Ule mwembamba unaokuja na antena ndogo za sumaku hupoteza zaidi ya mara mbili ya hapo, na desibeli 3 ni nusu nzima ya nguvu. Na gari likiwa karibu na mnara, busta iondolewe kabisa, kwa sababu mawimbi makali huilemea na picha hupotea kwa kuzidiwa, si kwa kukosa.

Busta iliyo mlingotini inahitaji umeme, nao hupandishwa kwa waya ule ule unaoshusha mawimbi: uzi wa katikati ni chanya, wavu wa nje ni hasi. Mkondo mnyoofu na mawimbi ya masafa ya juu hupita pamoja bila kugombana, kisha hutenganishwa na koili na kapasita. Ving'amuzi vingi vinaweza kutoa volti 5 kwa njia hii, mradi uviamuru katika orodha ya mipangilio. Busta nyingi za madukani hutaka volti 12, na nyingine 24. Kabla ya kununua, soma maandishi yaliyo juu ya kifaa. Busta iliyofungwa bila kupewa umeme huwa kizuizi badala ya msaada.

Busta ya volti 12 inayotumia ampia 0.05 inakula wati 0.6 tu. Ajabu ni kwamba huuzwa pamoja na kisanduku cha kuchomeka katika umeme wa nyumbani, na mwenye gari hununua inveta ili kukiendesha. Betri ya volti 12 inageuzwa kuwa mkondo geu wa volti 230, kisha kisanduku kinaugeuza tena kuwa volti 12. Inveta hiyo, hata isipofanya kazi yoyote, hula wati kadhaa kwa ajili yake yenyewe. Ni sawa na kumwajiri mpagazi ambaye chakula chake peke yake kinazidi mzigo mzima. Katika gari, vifaa vya volti 12 vifungwe moja kwa moja, kila kimoja na fyuzi yake.

Tahadhari mbili ni lazima. Betri ya gari iitwayo ya volti 12 huwa na volti 12.6 ikiwa imejaa na imetulia, na hupanda hadi 14.4 injini inapoichaji. Televisheni isiyostahimili tofauti hiyo iwekewe kidhibiti volti. Pili, malori mengi hutumia volti 24, kutokana na betri mbili zilizofuatana. Baadhi ya madereva huchukua volti 12 kutoka betri moja kati ya hizo. Vifaa hufanya kazi, lakini betri ile hutumika kuliko mwenzake, na baada ya miezi michache moja hufa kwa kuishiwa na ya pili kwa kuchajiwa kupita kiasi. Kigeuzi cha volti 24 kuwa 12 ni nafuu kuliko betri mpya.

Tupime matumizi ya jioni moja. Televisheni ndogo yahitaji wati 30, king'amuzi wati 8, busta wati 0.6; jumla ni kama wati 39. Ukigawa kwa volti 12 ni ampia 3.2, na kwa saa 4 ni ampia-saa 13. Ukipitishia inveta, jumla hufika ampia-saa 18 kwa urahisi. Betri ya kuwashia injini imeundwa kutoa mamia ya ampia kwa sekunde chache, si kumwagwa polepole kila usiku. Mwenye kuitegemea atakuta gari haliwaki alfajiri, pengine mahali ambapo hakuna wa kulisukuma. Iwepo betri ya pili. Yenye ampia-saa 100, ikitumiwa nusu tu ili idumu, inatosha jioni tatu na zaidi kidogo. Paneli ya sola ya wati 100, ikipata jua kali sawa na saa 5 na tukikata theluthi kwa upotevu, hurudisha ampia-saa 28 hivi kwa siku, yaani matumizi ya jioni mbili.

Unene wa nyaya usisahauliwe. Waya wa shaba wa milimita mraba 1, kwa umbali wa mita 6 kwenda na 6 kurudi, una ukinzani wa omu 0.21; kwa ampia 3.2 unapoteza volti 0.67. Wa milimita mraba 2.5 unapoteza volti 0.27. Upotevu huo ni mdogo ukilinganishwa na volti 230, lakini katika 12 ni mkubwa.

Palipo na kivuli cha mlima kisichokwepeka, limebaki dishi. Satelaiti za matangazo ziko juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka ardhini, na mbili kati ya nafasi zinazotumiwa na wapokeaji wa Afrika Mashariki ni nyuzi 36 na nyuzi 7 mashariki. Babati iko karibu nyuzi 4.2 kusini na 35.75 mashariki. Kwa hiyo satelaiti ya nyuzi 36 iko karibu utosini: nyuzi 85 juu ya upeo wa macho, ikiinamia kaskazini kidogo. Kwaraa haiwezi kuizuia. Mti waweza. Msafiri hutafuta kivuli cha mgunga ili apumzike, ilhali dishi na paneli ya sola vyote viwili vinataka uwazi. Hapo ni lazima waya mrefu utumike na gari libaki kivulini. Satelaiti ya nyuzi 7 iko magharibi, ikielekea kaskazini kidogo tu, kwa kimo cha nyuzi 56.

Dishi la sentimita 60 huona upana wa nyuzi kama 3 tu, yaani nyuzi 1.5 kila upande. Likifungwa juu ya paa la gari lenye upana wa mita 2 kati ya magurudumu, gurudumu la upande mmoja likizama sentimita 5 katika udongo laini, kama ule wa kando ya Ziwa Babati, picha imekwenda. Dishi liwekwe chini, juu ya mguu uliopimwa kwa pimamaji, na dira isomwe hatua kumi mbali na gari, kwa kuwa bodi la chuma huipotosha sindano. Kichwa cha dishi hupata umeme kutoka king'amuzi, volti 13 au 18 kulingana na ulalo wa wimbi linalotakiwa, hivyo hapo busta haina kazi.

Mlingoti usisimamishwe kamwe chini au karibu na nyaya za umeme, na uteremshwe mara ngurumo zisikikapo, waya ukichomolewa. Kabla ya gari kuondoka, mtu mmoja alizunguke kwa miguu akitazama juu.

Walimu wanaweza kuyajaribu mengi ya haya bila gari. Kata vipande viwili vya waya mnene wa shaba, kila kimoja sentimita 14, uvikaze juu ya ubao vikifuatana kwa mstari mmoja na kuachana kidogo katikati, kisha unganisha kimoja na uzi wa katikati wa waya wa televisheni na kingine na wavu wake. Ondoa kwanza umeme wa antena katika mipangilio ya king'amuzi, kisha fungua ukurasa wake unaoonyesha nguvu na ubora wa mawimbi. Mwanafunzi mmoja augeuze ubao kutoka kulala hadi kusimama kwa hatua za nyuzi 15, mwingine aandike namba zote mbili kwa kila hatua, kisha darasa lichore grafu. Baadaye warudie huku mwanafunzi wa tatu akisimama mbele ya ubao, kwenye njia ya mawimbi, na kuondoka.